Viungio vya kupanuka kwa ajili ya mbao: dalili, vyanzo na matengenezo

Kiungio ninachokizungumzia hapa kina sehemu tatu tu: bolti, ala ya chuma iliyopasuliwa upande wa ndani, na koni yenye hesi ambayo bolti huivuta iingie katika ala hiyo. Ala hutumbukizwa ndani ya tundu la mbao, bolti hukazwa, koni hupanda, mashavu ya ala hufunguka, na meno yaliyokerezwa juu ya mashavu hayo huuma kuta za tundu. Hakuna gundi. Ukilegeza bolti, kabati au kitanda hufunguka vipande vipande, hupakiwa juu ya lori kwenda Likasi au Kolwezi, na hufungwa tena huko bila kupoteza nguvu yake. Nilianza kuvikereza viungio hivi katika karakana ya Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo, kwa sababu wateja walichoka kuona misumari iking'olewa na kuacha mbao zimechakaa kila walipohama nyumba.

Vipimo nitakavyovitaja ni vya kiungio ninachokitengeneza mara nyingi zaidi. Ala ina urefu wa milimita 35, kipenyo cha nje cha milimita 12 na tundu la ndani la milimita 8. Bolti ni ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, ambayo kila mzunguko mmoja husogea milimita 1. Na ubavu wa koni umeinama digrii 7 kutoka mstari wake wa katikati. Kwa mwinamo huo, koni ikipanda milimita 1, kipenyo cha ala huongezeka karibu robo ya milimita, kwa hiyo mizunguko mitano ya bolti huipanua kama milimita 1.2. Katika tundu lililotobolewa vizuri huhitaji hata nusu ya hiyo. Fundi anayetumia vipimo vingine atafanya hesabu yake mwenyewe, lakini dalili zitakuwa zilezile.

Kabla ya kulaumu chochote, kiungio kilichoshindwa king'olewe kwa uangalifu na mambo matatu yatazamwe: koni imepanda kiasi gani ndani ya ala, meno yameacha alama gani katika kuta za tundu, na tundu lenyewe lina sura gani. Mimi hupasua ubao kwa msumeno katikati ya tundu ili nione ndani. Kipande cha mbao kinapotea, lakini sijui njia nyingine inayosema ukweli haraka kama hiyo.

Bolti inazunguka lakini haikazi

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, na vyanzo vyake hutofautishwa kwa mkono. Bolti ikizunguka kwa wepesi uleule tangu mwanzo bila kuwa nzito hata kidogo, koni inazunguka pamoja nayo na kwa hiyo haipandi. Koni inahitaji kitu cha kuizuia: mimi huipa vijiti viwili vidogo ubavuni, vinavyoingia katika mipasuo ya ala na kuteleza humo kama droo katika reli zake. Mtu asiye na muda wa kuweka vijiti anaweza kuichonga koni pande mbili kwa tupa ili iache mabega yanayokamata mipasuo, ingawa mabega hayo huliwa haraka yakiwa ya shaba ya manjano.

Bolti ikianza kuwa nzito, kisha ikatoa mlio wa kukwaruza na kuwa nyepesi tena, ala nzima imegeuka ndani ya tundu. Hapo kosa ni tundu kubwa mno, au ala isiyo na kitu cha kushikia kabla haijapanuka. Sehemu ya juu ya ala, karibu na mdomo wa tundu, iwe kubwa kuliko tundu kwa milimita 0.1 au 0.2 na iwe na mikwaruzo ya wima, ili iingie kwa kugongwa kwa nyundo ya mbao na isizunguke. Na kama bolti imekaza vizuri mara mbili tatu, kisha siku moja ikazunguka bure, hesi ya koni imelika. Jambo hili hutokea sana kwa koni ambayo ncha yake nyembamba imetobolewa hesi hadi mwisho: pale ukuta una unene wa milimita 1 tu, hufunguka ukikazwa, na hesi hupoteza mshiko. Acha hesi ianze kubeba mzigo katika sehemu nene ya koni.

Mbao inapasuka

Hapa ndipo ninapotaka kukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa malalamiko mengi ninayoletewa huishia hapa, na kwa kuwa mimi mwenyewe nililipa ili kujifunza.

Mbao ni fungu la nyuzi ndefu zilizoshikamana ubavu kwa ubavu. Kulikata fungu hilo kwa kupita katikati ya nyuzi kunatoa jasho. Kulitenga ubavu kwa ubavu ni kazi ya pigo moja la shoka, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kupasua kuni. Ala inayopanuka ndani ya ubao inaweza kuwa mojawapo ya vitu viwili. Mashavu yake yakisukuma kufuata urefu wa nyuzi, yanakandamiza vichwa vya nyuzi zilizokatwa na keekee, na vichwa hivyo vinahimili mzigo mkubwa. Mashavu yakisukuma kukingama nyuzi, ala imegeuka kuwa shoka, na ufa utaanzia katika tundu na kukimbia kuelekea mwisho wa ubao.

Kwa hiyo ala ya kufungwa ndani ya mbao inapaswa kuwa na mpasuo mmoja unaopita pande zote mbili, ikaacha mashavu mawili, na mashavu hayo yafunguke kufuata nyuzi. Mpasuo wenyewe basi unakaa kukingama nyuzi. Kwa kuwa mpasuo hauonekani ala ikishaingia, ni lazima mtengenezaji achore alama juu ya mdomo wa ala, mstari unaoonyesha upande ambao mashavu yatafungukia, na fundi anayeifunga aulaze mstari huo sambamba na nyuzi. Alama hiyo ni pigo moja la patasi, haigharimu kitu, na bado ndiyo sehemu ya kiungio ambayo ningeitetea kuliko zote.

Ala zangu za kwanza zilikuwa na mipasuo minne. Nilikuwa nimeiga sura ya nanga za zege, ambazo hufunguka pande zote kwa sababu zege halina nyuzi. Nilizifunga katika vitanda vya mkaratusi vya bweni moja, vikasimama vizuri mchana wote, na usiku ule nyufa zikaanza kulia moja baada ya nyingine hadi mlinzi akadhani kuna mtu anavunja mlango. Shavu moja kati ya kila mawili lilikuwa shoka.

Mashavu yakiwa yameelekezwa sawa na bado ubao ukapasuka, tazama ukubwa wa nguvu. Mtu akivuta spana kwa nguvu ya kilo 10 mwishoni mwa mkono wa sentimita 12, bolti ya M6 hubeba mvuto wa karibu tani moja, na koni ya digrii 7 huuzidisha mvuto huo zaidi ya mara tatu kabla haujafika katika kuta za tundu. Hizi ni nguvu ambazo seremala hazihisi mkononi. Ukipaka koni grisi, zidisho hilo hupanda tena, ndiyo maana kiungio kilichokuwa salama kikiwa kikavu hupasua ubao baada ya mtu mwema kukitia mafuta. Njia niliyoichagua ni kuweka kikomo ndani ya kiungio chenyewe: bega juu ya koni linalogota katika mwisho wa ndani wa ala koni ikishapanda milimita 3. Baada ya hapo spana inaweza kuvutwa, lakini ala haipanuki tena.

Umbali kutoka ukingoni nao una usemi wake. Kanuni ya karakana yangu ni kwamba katikati ya tundu kusiwe karibu na ubavu wa ubao kuliko mara tatu ya kipenyo cha tundu, wala karibu na kichwa cha ubao kuliko mara saba. Kwa tundu la milimita 12 hiyo ni milimita 36 na 84. Mbao ngumu na kavu kama mupapa huomba zaidi, na mpaini wenye pete pana husamehe kidogo.

Inabaki hali moja isiyo na dawa ndani ya kiungio hiki: tundu lililotobolewa katika kichwa cha mbao, kufuata urefu wa nyuzi. Huko upande wowote ambao mashavu yatafungukia ni kukingama nyuzi. Watu huniletea mbao za ubavuni za vitanda zilizopasuka hivyo, na jibu langu ni kwamba ala isiwekwe pale kabisa. Tumia bolti ndefu inayopita katika nguzo na kuingia kichwani mwa ubao, ikutane na nati ya mviringo iliyolazwa katika tundu la kukingama. Kila kifaa kina mahali pake, na hapo si mahali pa kupanua.

Kinashika leo, kinalegea baada ya miezi

Mteja akirudi mwezi wa Septemba na kusema kwamba kabati alilonunua Februari linayumba, usianze kwa kukaza. Uliza kwanza ubao uliobanwa una unene gani na ni wa mti gani, kwa maana hapa kwetu kiangazi kirefu hufuatana na miezi ya mvua nyingi, na mbao haiwezi kupita katika mizani hiyo bila kubadilika.

Mbao iliyokaa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia na maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu; katika hewa ya asilimia 40 hushuka hadi asilimia 7 au 8. Tofauti ni kama asilimia 8. Mti wa kawaida, ukipimwa kufuata mviringo wa pete zake, husinyaa takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya maji yaliyotoka. Kwa hiyo ubao wa milimita 40 uliobanwa kati ya kichwa cha bolti na nguzo unaweza kupungua milimita 0.8. Bolti ya chuma haijui msimu. Mvutano wote uliokuwa ndani yake ulitokana na kunyooka kwake kwa kiasi kisichozidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, na huo unaisha zamani kabla ubao haujamaliza kusinyaa.

Kwa upande wa ala, hali ni nzuri zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi mashavu yawe yameelekezwa kufuata nyuzi. Mbao husinyaa kidogo sana kwa urefu wa nyuzi zake, chini ya nusu ya asilimia hata ikitoka ubichi hadi ukavu kamili. Shavu linalosukuma upande huo hukuta ukuta palepale lilipouacha, iwe ni Februari au Septemba. Shavu linalosukuma kukingama nyuzi katika tundu la milimita 12 huona kipenyo kikibadilika hadi robo ya milimita kila mwaka, kiasi kilekile ambacho ni mzunguko mzima wa bolti. Hii ni sababu ya pili, nayo haitegemei ya kwanza, ya kuheshimu ile alama ya patasi.

Kuna uharibifu mwingine ambao hutokea kinyume cha matarajio. Kabati lililofungwa mwezi wa Agosti kwa mbao kavu huvimba mvua zikishika. Ubao hunenepa, lakini kichwa cha bolti na washa vinauzuia, na nyuzi zilizo chini ya washa hupondeka. Hakuna anayeona kitu, maana kiungio wakati huo kimekaza kuliko kawaida. Ubao ukikauka tena, nyuzi zilizopondeka hazirudi. Kiungio kilicholegea Septemba mara nyingi kiliharibika Februari, na ushahidi ni mviringo uliodidimia chini ya washa. Washa ya kawaida ya M6 ina kipenyo cha milimita 12. Ile pana ina milimita 18, na eneo lake linalogusa mbao ni karibu mara tatu. Sijui kitu kingine cha bei ndogo namna hiyo kinachorefusha maisha ya kiungio katika mpaini.

Dawa kamili zaidi ni washa za springi zenye umbo la kisahani, zikipangwa mbili mbili zikitazamana, ili zifuate ubao unapopungua na kurudi unaponenepa. Nimeona mafundi wakikata washa kutoka mpira wa tairi kwa nia ileile. Mpira huo hutambaa chini ya mzigo, unakuwa mwembamba wenyewe, na baada ya wiki chache unalegeza kiungio ambacho mbao ilikuwa bado inakishika.

Hata bila mabadiliko ya hewa, mbao mpya iliyokandamizwa huacha kusukuma kidogo kidogo, kwa kasi zaidi katika saa za kwanza. Ninakaza siku ya kufunga, ninakaza tena kesho yake, na ninamwachia mteja ufunguo wa pembe sita pamoja na ombi la kukaza mara moja mwishoni mwa kiangazi cha kwanza. Anayetaka kujua unyevu wa mbao zake bila kununua kipimo apime kipande kidogo kwa mizani, akikaushe katika joto la nyuzijoto 103 hadi uzito usishuke tena, kisha agawanye kilichopotea kwa uzito mkavu: kipande cha gramu 112 kilichobaki gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Na mwenye uwezo wa kuchagua mti achague mulombwa, ule ambao Tanzania huitwa mninga, kwa kuwa ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana.

Kinang'oka chote

Ala ikitoka pamoja na unga wa mbao kati ya meno, soma unga huo. Unga mwingi na laini uliojaa kila jino unaonyesha kwamba meno yamekaribiana mno: yamekata nyuzi fupi fupi kama tupa, na kilichobaki kati yao hakikuwa na nguvu ya kuyazuia. Kwa mpaini, meno yawe na kina cha milimita 0.8 na yaachane milimita 3. Kwa mupapa au mti mwingine mgumu, kina cha 0.4 na nafasi ya 1.5 vinatosha, kwani meno marefu hayataingia na ala itaning'inia juu ya ncha zake. Uso wa jino unaotazama mdomo wa tundu uwe umesimama wima, na mgongo wake uteremke kuelekea ndani, kama ndoana inayokubali kuingia na kukataa kutoka. Nimeletewa ala ambazo fundi wa kerezo alizigeuza katika mashine na kuyakata meno kinyume. Zilishika vizuri sana zisiingie.

Ikiwa alama za meno zinaonekana upande mmoja tu wa tundu, tundu si la mviringo au limeinama. Keekee iliyonolewa kwa ajili ya chuma hufuata pete laini za mpaini na kukimbia pembeni, na ile ambayo midomo yake miwili haikunolewa sawa hukata tundu kubwa kuliko jina lake. Tumia keekee ya mbao yenye ncha ya katikati, uiongoze kwa kipande cha mti mgumu kilichotobolewa wima, na ukereze vijiti viwili vya kupimia, kimoja cha milimita 12.0 na kingine cha 12.3. Cha kwanza kiingie. Cha pili kikiingia, tundu hilo lizibwe na litobolewe lingine.

Nguvu ya kung'oka inapimwa bila mashine. Chukua boriti imara, iegemeze juu ya ukingo ulio sentimita 10 kutoka kwenye ndoano inayovuta bolti, na upande wa pili, sentimita 60 kutoka ukingo huo, ning'iniza mzigo. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utavuta kiungio kwa kilo 300, mbali na uzito wa boriti yenyewe. Ukitaka kupanda polepole, tumia bidoni ya lita 20 na uimiminie maji kidogo kidogo hadi kiungio kitoe sauti. Mimi hujaribu vitano kutoka kila fungu la kazi, na ninachukua matokeo ya kile dhaifu kuliko vyote, wala si wastani.

Ala inakatika

Ufa wa chuma karibu kila mara huanzia mwisho wa mpasuo. Msumeno huacha pale kona mbili kali, na kila shavu linapofunguka kona hizo hubeba mvuto wote. Kabla ya kupasua, toboa tundu la milimita 2.5 likipenya pande zote mbili za ala mahali ambapo mpasuo utaishia, kisha upasue hadi humo. Mpasuo ukiishia katika mviringo hauna kona. Toa pia mabaki makali ya ukingo kwa tupa ndogo, kwani kila kikwaruzo cha kukingama ni mwanzo wa ufa.

Shavu lenye umbo la nusu bomba ni gumu kupinda kuliko linavyoonekana, na ala isiyonyumbulika hula nguvu ya spana kabla haijagusa mbao. Ikereze ala hiyo mkondo mpana kuzunguka mwisho wa mpasuo hadi ukuta ubaki milimita 1.2, nayo itafungukia hapo kama bawaba. Mkondo uwe na kona za duara. Fundi akiachwa na umeme uliokatika katikati ya kazi hii, arudishe kisu nyuma kabla umeme haujarudi, la sivyo mashine ikianza ghafla itachimba kovu palepale tusipolitaka.

Kuhusu malighafi nitasema kwa ufupi. Nondo za ujenzi ni rahisi kupatikana, na kila mtu amewahi kujaribiwa nazo, lakini ugumu wake hubadilika kutoka nondo hadi nondo, na ala mbili zilizokerezwa siku moja hazitafunguka sawa. Chuma laini kinachojulikana ni bora. Shaba ya manjano hukerezwa vizuri, ila fito zilizovutwa baridi ni ngumu kupinda. Zipashwe moto kati ya nyuzijoto 450 na 600, zikiwa zinaanza tu kuonekana nyekundu kivulini, kabla mashavu hayajatakiwa kupinda. Usiifunge shaba hiyo katika banda la kuku. Amonia inayotoka katika kinyesi hupasua shaba ya manjano iliyo chini ya mvuto, na milango ya mabanda huanguka bila mtu kuigusa.

Nanga za plastiki za ukutani ndani ya mbao

Swali hili hurudi mara kwa mara, kwa kuwa nanga hizo ziko katika kila duka la vifaa. John Rawlings wa Uingereza alisajili ya kwake mwaka 1911, ikiwa ya nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya wanyama, na Artur Fischer wa Ujerumani alileta ile ya nailoni mwaka 1958. Zote zilifikiriwa kwa ajili ya ukuta. Katika mbao hufunguka bila kujali nyuzi, na skrubu nzuri peke yake ingeshika vizuri zaidi. Anayekereza ala zake mwenyewe kwa nailoni akumbuke kwamba nailoni ya aina ya 6 hunywa maji: ikiwa kavu kabisa huvunjika kama biskuti, na ikishiba huvimba na kulainika. Ziloweke kabla ya kuzifunga, na usizipime vipenyo siku ya kuzikereza.

Doa jeusi kuzunguka bolti

Chuma kisichofunikwa kikikutana na unyevu na tanini ya mti, hutoa weusi wa wino. Afrormosia na mkaratusi mbichi huonyesha haraka. Tumia bolti zilizopakwa zinki, na doa lililokwisha kutokea lisuguliwe kwa asidi ya oksali, kisha mbao isuuzwe.

Hakifunguki

Koni ya digrii 7 haishuki yenyewe bolti ikilegezwa, na haikukusudiwa ishuke. Msuguano wa chuma kikavu juu ya chuma huishikilia koni yoyote yenye mwinamo chini ya takriban digrii 8, na hilo ndilo linalozuia kiungio kulegea lori likitikisika barabarani. Koni ya digrii 12 ingeachia kwa urahisi, lakini ingeachia pia isipoombwa.

Anayevuta ala kwa koleo wakati koni bado imekwama ndani hung'oa mbao. Legeza bolti mizunguko mitatu bila kuitoa, kisha gonga kichwa chake mara moja kwa nyundo ya mbao. Bolti itaisukuma koni irudi nyuma, na mashavu yatafunga kwa unyumbufu wake. Pigo hilo linahitaji nafasi ya koni kurudi, kwa hiyo tundu la mbao litobolewe refu kuliko kiungio chote kwa milimita 8, na nafasi hiyo isiachwe imejaa vumbi. Kama tundu lilitobolewa fupi, koni imegota chini na kugonga hakutasaidia. Hapo toa bolti, ingiza nyingine ndefu zaidi iliyokatwa ncha, ikaze mizunguko miwili tu ndani ya koni, na uivute pamoja na ala taratibu huku ukiitikisa kufuata nyuzi, kamwe si kukingama.